Ni Nani Aujuaye Moyo wa Mfungwa?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twataka kulijibu suala lililoletwa katika darasa letu na ndugu mmoja mwenye duka. Alisema: "Amenijia kijana wa mtaani petu aliyemaliza kifungo cha wizi, ataka nimwajiri. Asema ametubu, na msikitini namwona. Lakini mimi nitajuaje kama toba yake ni ya kweli?"

Majibu yalitoka papo hapo. Wa kwanza akasema mwizi ni mwizi, hata umwogeshe kwa maji ya Zamzam, asimwajiri. Wa pili akasema kumdhania Mwislamu vibaya ni haramu. Ampe ufunguo wa duka leo hii. Wa tatu, kijana aliyesoma vyuo vya kisasa, akasema kwamba jambo hili lina wataalamu wake, nao ni wanasaikolojia wa magereza, ambao humpima mfungwa wakajua ametengenea au hakutengenea. Lau tungekuwa nao wa kutosha, tusingebishana.

Majibu haya matatu yaonekana kuwa mbalimbali, na kwa hakika kosa lake ni moja. Wa kwanza adai aujua moyo wa kijana kuwa ni mwovu. Wa pili adai aujua kuwa ni mwema. Wa tatu akiri kwamba yeye haujui, lakini adhani yuko binadamu mwenzake aujuaye. Basi tulitazame jambo hili kwa utaratibu, tuanze na huyo wa tatu, maana jibu lake ni jipya kwa wengi wetu.

Elimu ya nafsi, iitwayo siku hizi saikolojia, ina tawi linalohusu mahakama na magereza. Tutachukua mifano yetu Uingereza, kwa kuwa huko kazi hii imeenea na habari zake zimeandikwa wazi, makosa yake pamoja na mazuri yake. Tena magereza yetu yaliasisiwa na wao. Kazi ya wanasaikolojia hawa ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni kutibu: huwakusanya wafungwa katika mafunzo, wakawafundisha kuzuia hasira, kuyafikiri madhara waliyowatia wenziwao, na kujiepusha na yale yanayowavuta kwenye kosa. Namna ya pili ni kupima: husoma faili ya mfungwa, humhoji kwa saa nyingi, huwauliza askari wanaoshinda naye, kisha huandika ripoti ya hatari yake. Ripoti hiyo huwekwa mbele ya Bodi ya Parole, yaani baraza lenye kuamua kama mfungwa aweza kutoka kabla kifungo hakijaisha. Wanavyo vipimo vya kuwasaidia. Mashuhuri katika hivyo ni kile cha Robert Hare wa Kanada, cha kupimia watu wasio na huruma wala haya. Kina vipengele 20. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2, hata jumla yaweza kufika 40. Na miongoni mwa vipengele hivyo kimo hiki: je, mtu huyu anajuta au hajuti?

Kazi hii si ya kuchekwa, wala si kweli kusema, kama wasemavyo wengine, kwamba ni ramli iliyovaa koti. Mpiga ramli adai kuijua ghaibu. Mwanasaikolojia mwaminifu hasemi hivyo. Yeye husema kwamba katika watu waliokuwa na hali kama hii, kadha wa kadha walirudia kosa. Hiyo ni dhana yenye ushahidi, kama dhana ya tabibu. Na sharia yetu haikuikataa dhana yenye nguvu. Kadhi huhukumu kwa mashahidi wawili waadilifu, ilhali yawezekana wote wawili wamesema uwongo. Haya hayakatazwi. Linalotupasa kulichunga ni dhana kugeuzwa yakini. Na hapo ndipo maafa yatokeapo, kama itakavyobainika.

Mfano wa kwanza ni wa tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 magereza ya Uingereza na Wales yalianzisha mafunzo makubwa ya kuwatibu wafungwa wa makosa ya zinaa ya kulazimisha na ya kuharibu watoto. Wafungwa walikaa kwa makundi, kila mmoja akilieleza kosa lake mbele ya wenzake na kuonyesha majuto. Mafunzo yale yaliendelea zaidi ya miaka 20, na mwenye kuyamaliza alihesabiwa kuwa amepiga hatua. Kisha Wizara ya Sheria ikachapisha uchunguzi mwaka 2017. Wafungwa 2,562 waliopita katika mafunzo walilinganishwa na wengine 13,219 wa makosa kama yao ambao hawakupita. Baada ya muda wa kama miaka 8, waliorudia kosa la zinaa miongoni mwa waliofunzwa walikuwa asilimia 10. Miongoni mwa wasiofunzwa walikuwa asilimia 8. Tiba haikupunguza maradhi, penginepo iliyazidisha. Mafunzo yale yakaondolewa mwaka huo huo.

Kwa nini yakawa hivyo? Waandishi wa uchunguzi ule walitaja, kwa njia ya kukisia, kwamba huenda wakosaji walipokaa pamoja wakisimuliana makosa yao, kosa lenyewe likawa jambo la kawaida machoni mwao. Nasi hapa twakumbuka hadithi ya mtu aliyeua watu 99. Alimwendea mchamungu mmoja asiye na elimu, akamwambia huna toba. Akamuua naye, wakatimia 100. Kisha akamwendea mwanachuoni. Huyu hakumtaka aeleze namna alivyoua, wala hakujidai kuupima moyo wake. Alimwambia mlango wa toba uko wazi, kisha akamwamrisha auhame mji wake wa watu waovu ahamie mji wa watu wema. Akafa njiani, akasamehewa. Tazama tofauti: mwanachuoni yule alimtoa mkosaji kwa wakosaji, mafunzo yale yaliwakusanya. Na uchunguzi ule, kwa kuwa ulifanywa kwa haki na kuchapishwa ijapokuwa uliwafedhehesha wenyewe, ni jambo la kusifiwa. Sisi ni mangapi tuyafanyayo kwa miaka 20 tusiyahesabu kamwe kama yana faida?

Mfano wa pili ni wa kupima. Katika mwaka 2005 Uingereza ilianza kutoa hukumu ya kifungo kisicho na mwisho, kwa ajili ya kulinda umma. Mtu aliweza kupewa kima kidogo cha miaka michache. Kikiisha hatoki, mpaka Bodi iridhike kwamba si hatari tena. Ili aonyeshe si hatari, alitakiwa apite katika mafunzo, na mafunzo yenyewe mahali pengi hayakuwapo au foleni yake ilikuwa ndefu. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilihukumu kwamba kuwaweka watu hivyo ni kuwafunga bila ya haki. Mwaka huo huo hukumu ya namna ile ikafutwa, lakini haikufutwa kwa waliokwisha kuhukumiwa. Hata kufikia mwaka 2024 walikuwako bado zaidi ya 1,000 ambao hawajapata kutoka hata siku moja.

Fikiri, ndugu msomaji, maana ya jambo hili. Tujaalie kipimo kinasema katika watu 100 wa hali hii, 30 watarudia. Hiyo ni habari ya watu 100. Mtu aliyesimama mbele ya Bodi ni mmoja, naye ama ni katika wale 30 ama ni katika wale 70, na kipimo hakiwezi kusema yumo upi. Ukimfunga milele kwa sababu ya hesabu ile, huenda unamfunga kwa kosa ambalo hatalifanya yeye, bali atalifanya mwingine anayefanana naye. Na ukimwachia, huenda ukamdhulumu atakayedhurika. Hakuna njia ya kuikwepa dhana hapa. Lakini anayejua kuwa ameshika dhana huishika kwa hofu, huweka ukomo, hurudia kutazama. Na anayedhani ameshika yakini hufunga mlango akaenda kulala.

Mfano wa tatu ni mchungu kuliko hiyo. Mwaka 2004 mtu aitwaye Andrew Malkinson alihukumiwa huko Uingereza kifungo cha maisha kwa kosa la kumnajisi mwanamke. Kima chake cha chini kilikuwa kama miaka 7. Lakini yeye alisema tangu siku ya kwanza kwamba hakufanya. Na asiyekiri hawezi kuonyesha majuto. Na asiyeonyesha majuto huonekana kuwa hajabadilika. Miaka 7 ikapita, ikawa 10, ikawa 15. Alitolewa Desemba 2020, baada ya miaka 17. Mwezi wa Julai 2023 Mahakama ya Rufani iliifuta hukumu yake, kwa kuwa uchunguzi wa DNA ulielekeza kwa mtu mwingine. Lau angesema uwongo, akakubali kosa asilolifanya na kulia mbele ya wataalamu, yamkini angetoka miaka mingi kabla. Ukweli wake ndio uliomfunga.

Wenye kusoma kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) watalijua jambo hili. Naye alitiwa gerezani kwa tuhuma kama hiyo, naye hana hatia. Na mfalme alipotuma aitwe, hakutoka mbio. Alitaka kwanza wanawake wale waulizwe, ukweli udhihirike. Je, mtu wa namna hiyo akipimwa kwa kipimo cha majuto, atapata alama ngapi? Hapa pana mafunzo makubwa: palipo na uhuru wa kununuliwa kwa maneno ya toba, mwongo ana fedha na mkweli ni maskini. Taratibu zinazomlazimisha mtu aonyeshe majuto ndipo afunguliwe huwafundisha watu ria, nao huifanya toba, iliyo baina ya mja na Mola wake, kuwa sarafu ya kulipia nauli ya kutoka.

Na iwapo yuko atakayedhani kwamba sisi twataka kila asemaye ametubu aaminiwe, na asikilize mfano wa nne. Usman Khan, mtu aliyejinasibisha na dini yetu, alifungwa Uingereza mwaka 2012 kwa njama za ugaidi. Gerezani alipita katika mafunzo yaliyowekwa kwa watu kama yeye, akasoma, akaandika, akasifiwa. Alitoka Desemba 2018. Tarehe 29 Novemba 2019 alialikwa London katika jumba la Fishmongers' Hall, kwenye mkutano wa watu wema waliokuwa wakiwasomesha wafungwa, na humo akawaua kwa kisu vijana wawili miongoni mwa waliomsaidia. Katika uchunguzi wa mahakama mwaka 2021, mwanasaikolojia aliyemtazama gerezani alieleza kwamba alionya: mtu huyu aliingia ni hatari, na anatoka ni hatari vilevile. Na baraza la wazee wa mahakama likaona kwamba sura yake ya mfano mwema iliwapofusha baadhi ya waliokuwa wakimsimamia. Basi hapo mtaalamu alisema kweli, na waliokosea ni wale walioridhika na sura.

Lakini katika jumba lile lile alikuwamo mfungwa mwingine, Steven Gallant, aliyehukumiwa maisha mwaka 2005 kwa kuua mtu. Siku ile ilikuwa ruhusa yake ya kwanza ya kutoka kwa muda. Alipomwona muuaji, alimkabili, akaitia roho yake hatarini ili kuwaokoa wengine. Mwaka 2020 kifungo chake kikapunguzwa miezi 10 kwa ajili ya kitendo hicho. Wafungwa wawili, jumba moja, saa moja. Ni nani angaliwatenga asubuhi ile kwa kuwatazama nyuso, walipokuwa wameketi wakisikiliza? Waliotengwa walitengwa na vitendo, na hapo tayari watu wameshakufa.

Sasa tuje kwenye hukumu. Wanazuoni wetu wamesema toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa kosa limegusa haki ya mtu, kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe. Yatazame masharti haya manne. Mawili ni ya batini, nayo ni majuto na azma. Hayo hayaonekani na kiumbe. Mawili ni ya dhahiri, nayo ni kuacha na kurudisha. Hayo huonekana na yeyote mwenye macho. Makosa mengi tuliyoyataja yametoka katika kutaka kuyapima yale mawili ya batini, na kuyaacha haya mawili yaliyo wazi. Mtume (S.A.W.) alimkemea Usama bin Zayd alipomuua mtu aliyetamka shahada vitani, kwa kudhani ameitamka kwa hofu, alimuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule hata akayajua yaliyomo. Na Sayyidna Umar alitangaza katika ukhalifa wake kwamba, kwa kuwa wahyi umekatika, watu watahukumiwa kwa vitendo vyao vya dhahiri, na siri zao zaachiwa Mwenyezi Mungu.

Je, sharia ilimwamini kila asemaye nimetubu? Hapana. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu tusichohitaji kuwajulisha watu wa pwani, imo mas-ala ya fasiki aliyetubu: ushahidi wake haukubaliwi siku ile ile, bali hutazamwa kwa muda, na wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafii wameukadiria kuwa mwaka mmoja. Washereheshaji wametoa sababu: misimu minne ya mwaka ikimpitia mtu, kila mmoja huamsha nafsini mwake matamanio yake. Kwa maneno yetu ya pwani twaweza kusema: apitiwe na kaskazi na kusi, tuone kama chombo chake kimeshika njia. Mas-ala haya ni ya ushahidi, si ya magereza. Lakini hekima yake yatosha kuwa kiongozi. Hawakumwambia atupe moyo wake tuupime. Walimwambia: tupe mwaka wako tuutazame. Wala hawakumtazama milele. Waliweka ukomo, ili naye ajue mlango uko wapi.

Kwa hiyo mahali pa mwanasaikolojia wa gereza ni mahali pa shahidi, si pa kadhi, wala si pa mwenye kujua siri. Shahidi hueleza alichokiona na kukisikia, hapunguzi wala hazidishi, huulizwa akajibu, naye husema sijui pale asipojua. Na kama asivyoruhusiwa kupita mpaka wake, vivyo hivyo haifai kuzibwa kinywa. Mwaka 2022 waziri wa Uingereza aliwakataza wanasaikolojia wa serikali wasiiambie Bodi rai yao kama mfungwa afaa kutoka au hafai. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ikasema amri ile haikuwa halali. Ilihukumu vyema. Kumzuia shahidi asiseme ni dhuluma, kama vile kumfanya shahidi kuwa hakimu ni dhuluma.

Tumrudie sasa ndugu yetu mwenye duka. Twamwambia: usiutafute moyo wa kijana huyu, hukukalifishwa huo. Tazama mawili. Kwanza, je, ameacha? Anakaa na nani, anaamka saa ngapi, jioni yuko wapi? Pili, je, amerudisha, au yumo katika kurudisha, alichokitwaa? Ikiwa haya yapo, mwajiri. Lakini usimpe ufunguo leo. Mpe kazi ya kupanga bidhaa na kupeleka mizigo, mlipe ujira wake kamili pasi na kumpunja kwa kuwa hana pa kwenda, na mwambie waziwazi: nitakutazama mwaka. Mwaka ukiisha naye ameshika njia, usimtazame tena kama mfungwa.

Na atakayesema, je, aliyeharibu watoto naye apewe chuo asomeshe baada ya mwaka? Twasema hapana, wala katika kukataa huko hatuuhukumu moyo wake. Ziko amana ambazo zikivunjika hazilipiki, na mlezi wa watoto hana ruhusa ya kuzihatarisha kwa ajili ya kumridhisha mtu. Huyo atafutiwe riziki mahali pengine. Kumzuilia mtu mahali pamoja pa hatari ni jambo moja. Kumfungia kila mahali ni jambo jingine.

Hili la pili ndilo tulifanyalo sisi. Twawalaumu Waingereza kwa hukumu isiyo na mwisho, nasi mitaani mwetu tumeweka hukumu kama hiyo bila ya Bodi wala rufani. Kijana hutoka Shimo la Tewa, kifungo chake kimekwisha kwa mujibu wa sheria, akafika nyumbani akakuta kifungo kingine: hapewi kazi, haozwi, na mkoba ukipotea huulizwa yeye kwanza. Kisha akirudi kwa wezi wenzake, ambao peke yao ndio waliompa kiti, twasema: si tulisema? Mwanachuoni yule alimwambia muuaji ahamie mji wa watu wema. Swali lililo juu yetu ni hili: akiuhamia mji huu, atawakuta?

Ngome yetu ya Mombasa ilikuwa gereza tangu mwaka 1895 hata 1958. Leo watoto wa shule huingia wakicheka, na wageni hupiga picha ukutani. Mawe yale tumeyasamehe yaliyopita ndani yake. Basi na binadamu, ambaye Mola wake hakumfungia mlango, tusimfungie sisi.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona yaliyo wazi, na adabu ya kumwachia Yeye yaliyofichika. Amin.